Nani Alilipia Mlango wa Choo?

Wiki tatu mfululizo kikao chetu cha Jumamosi hapa Buguruni kimeletewa hadithi za Mzungu. Hatukupanga. Mmoja alianza, wa pili akamjibu, wa tatu naye akaona asipitwe. Mnatujua tulivyo: tunakaa nyuma ya kijiwe cha kahawa, mwandishi anasoma kwa sauti, sisi wengine tunatafuna kashata tukisubiri zamu ya kumchambua. Nimeombwa niyatie kwenye karatasi niliyoyasema, maana wenzangu wawili walinuna, na wa tatu mpaka leo hajui kama nilimsifu ama nilimponda. Haya, nayatia, pamoja na mengine ambayo siku ile niliyameza.

Hadithi ya kwanza: kijana wa mradi anatua Dar, anapanda daladala la Buguruni, anachomolewa pochi kabla hajafika Malapa, anahaha, anasaidiwa na msichana muuza vitumbua, na kinachofuata bila shaka mnakijua. Hadithi ya pili imeandikwa kwa hasira. Mzungu wake ana gari jeupe lenye antena ndefu, anakula fedha za wafadhili, anawapiga picha watoto wenye makamasi, anaondoka. Ya tatu ndiyo ndefu kuliko zote. Binti wa miaka 22 anakuja kufundisha usafi, anapanga chumba uswahilini, anaharisha, analia, anajifunza kula ugali kwa mkono, anazoea, anaaga. Watoto wanalikimbilia gari lake mpaka barabara ya lami.

Kwa kipimo cha darasani, kile cha fani na maudhui, zote zinapita. Mandhari ipo, lugha inateleza, na ile ya pili ina tamathali za semi za kutosha mtihani mzima wa kidato cha sita. Lakini nilipofika nyumbani usiku, kitu kilichobaki kichwani ni sentensi moja tu, tena iko kwenye hadithi ya tatu, ukurasa wa pili, imetupwa pale kama ganda la muhogo. Mwandishi anasema kwamba siku mbili kabla ya binti kufika, mwenye nyumba alimwita fundi seremala, akaondoa pazia la gunia kwenye choo cha uani, akaweka mlango wa mbao wenye komeo la ndani. Basi. Sentensi inayofuata binti anashuka kwenye teksi.

Nilimwuliza mwandishi: nani alilipia mlango wa choo? Watu wakaangua kicheko. Jamani, sikuwa natania.

Hebu tuutazame mlango huo. Nyumba ya Kiswahili tunaijua wote: vyumba sita, vitatu huku na vitatu kule, ukumbi katikati, uani choo na bafu na mahali pa kufulia. Kila chumba kina mpangaji na familia yake. Watu hao wote, miaka nenda rudi, wamekwenda choo chenye pazia la gunia. Mtu akitaka kuingia anakohoa; aliye ndani naye anakohoa. Huo ndio utaratibu na umewatosha. Leo anakuja mtu mmoja kutoka mbali, mlango unapatikana. Sasa wapangaji wanasemaje? Wanafurahi kwamba angalau na wao watajifungia? Wanaona uchungu kwamba kumbe ilikuwa inawezekana? Kuna aliyeambiwa achangie? Kodi imepanda? Na mgeni akiondoka mlango unabaki, ama unahamia chumba cha mtu? Hapo pana hadithi nzima, tena ambayo hakuna mtu wa New York wala wa Copenhagen anayeweza kuiandika, kwa sababu alipofika yeye mlango ulikuwa umeshawekwa. Alidhani umekuwepo siku zote.

Huyu mhusika, kijana aliyekuja kutuendeleza, si wa jana. Kennedy alianzisha Peace Corps tarehe 1 Machi 1961, na Tanganyika ikawa miongoni mwa nchi za mwanzo kabisa kupelekewa vijana. Tarehe 28 Agosti mwaka huohuo aliwaaga Ikulu ya Marekani waliokuwa wanakwenda Ghana na waliokuwa wanakuja kwetu. Wetu walikuwa wapima ardhi, wahandisi na wanajiolojia, waliofundishwa kwanza katika chuo kimoja cha El Paso, Texas; kazi yao ilikuwa barabara. Walifika kabla hatujapandisha bendera, maana Uhuru ulikuwa Desemba 9. Baadaye wakaja walimu. Mwaka 1969 Peace Corps wakaondoka Tanzania, wakarudi 1979. Waingereza nao walikuwa na VSO yao tangu 1958, Wadenmark na Waholanzi wakaleta wao, na toka milango ya biashara ilipofunguliwa miaka ya 1980 na 1990 yakamiminika mashirika ya kila rangi. Kwa hiyo huyu mtu ana miaka zaidi ya 60 katika nchi yetu, na muda wote huo amekuwa akiandika. Barua, taarifa za mradi, shajara, riwaya. Anaandika kuliko sisi, tuseme ukweli.

Na maandishi yake yaliyopata kelele kubwa kuliko yote si kitabu. Ni kadi ya posta. Oktoba 1961 binti mmoja wa Kimarekani, Margery Michelmore, alikuwa Chuo Kikuu cha Ibadan, Nigeria, akifundishwa kabla ya kupangiwa kazi. Alimwandikia rafiki yake kadi, akamweleza alivyoshangazwa na hali ya maisha: watu wanaishi nje barabarani, biashara hapo, mapishi hapo, na hata haja. Kadi ikamponyoka kabla haijafika posta. Mwanafunzi wa pale chuoni akaiokota, akaisoma, ikatolewa nakala, ikasambazwa mabwenini. Wanafunzi wakachachamaa, wakaandamana, yakatakiwa mambo makubwa, na muda si mrefu binti akarudishwa kwao. Nigeria ilikuwa na mwaka mmoja tu wa uhuru.

Nikiisimulia habari hii kijiweni, washkaji wanasherehekea: safi sana, alikomeshwa. Mimi sisherehekei sana. Njoo Buguruni saa kumi na mbili asubuhi, simama pale njia zinapokutana, Uhuru na Mandela. Mama lishe wamekoka moto pembeni ya lami, chai inachemka, mihogo inakaangwa, mtu anapiga mswaki huku ananunua vocha. Tunaishi nje, tunapika nje, tunauza nje. Binti wa watu hakuandika uongo. Ila hakujua, au hakuwa na muda wa kuuliza, kwamba chumba cha futi kumi kwa kumi chenye watu watano hakiingii jiko la mkaa, na kwamba baraza kwetu ndiyo sebule. Macho yalifanya kazi, masikio bado. Hilo lingesameheka kwa mtu wa wiki chache. Lisilosameheka kirahisi ni lile lililo chini yake: aliandika akiamini kwamba anaowaandika hawatasoma. Kosa lake hasa lilikuwa kuidondosha kadi. Wapo maelfu ambao kadi zao zilifika salama.

Wapo pia walioandika vizuri zaidi, na lazima niseme, nisije nikaambiwa nina chuki. Leonard Levitt, aliyekuja kufundisha shule wakati Tanganyika inageuka kuwa Tanzania, alitoa kitabu chake An African Season mwaka 1967, miongoni mwa vitabu vya mwanzo kabisa vya hao wa kujitolea. Mwaka huohuo Paul Theroux, aliyekuwa Peace Corps Malawi tangu 1963 mpaka akafukuzwa 1965, akawa anafundisha Makerere, alichapisha katika jarida la Transition la Kampala insha aliyoiita "Tarzan is an Expatriate". Humo aliwageukia Wazungu wenzake wa huku Afrika, akawafananisha na yule Tarzan wa vikaragosi: mtu anayetua porini na kuwa mfalme kwa sababu ya ngozi tu. Insha kali, haikuwaremba. Ila hata humo ukitafuta jirani Mwafrika mwenye jina na neno lake la kusema, utachoka. Tarzan anashtakiwa mbele ya mahakama ya akina Tarzan.

Kwangu mimi aliyekaribia ni mwanamke, Maria Thomas. Riwaya yake Antonia Saw the Oryx First ya 1987 iko hapahapa Dar es Salaam. Kuna Antonia, daktari mweupe aliyekulia Afrika, na kuna Esther Moro, mwanamke Mwafrika anayejigundua kuwa ana uwezo wa kuponya. Huyu ana elimu ya hospitali, yule ana kitu kingine, na hadithi haitembei bila wote wawili. Si riwaya isiyo na kasoro, lakini Esther si pambo la ukutani. Ana shida zake, tamaa zake, na anaamua mambo wakati Antonia hayupo. Thomas alifariki kwenye ajali ya ndege Ethiopia mwaka 1989. Ningependa kujua angeandika nini baadaye.

Wengi wao hata hivyo wanafuata njia moja iliyochongwa. Joto la uwanja wa ndege. Harufu. Choo. Ugonjwa. Upweke. Siku ambayo mtu anamwita kwa jina. Kukubalika. Kwaheri. Kinachosimuliwa ni kuzoea, na anayezoea ni mmoja. Angalieni lugha yetu ilivyo na akili: imetupa kuzoea, ikatupa na kuzoeana. Ile -ana haitokei peke yake, inataka watu wawili. Katika vitabu hivyo -ana imekatwa. Na katika hadithi zetu tatu, zilizoandikwa kwa Kiswahili na watoto wa Buguruni, imekatwa pia. Ndiyo iliyonikasirisha.

Kwa nini inakatwa? Hapa sina nadharia ya chuo kikuu, nina kisa cha nyumbani.

Mwaka 2011 nilikuwa kidato cha tatu, nakaa kwa shangazi yangu upande wa Malapa. Shangazi ni mjane, anauza chapati na maharage barazani asubuhi. Shirika fulani, ambalo sitalitaja, lilipitia kwa mjumbe likitafuta familia ya kumpangisha kijana wao kwa miezi minane. Kodi walilipa, tena mapema, hilo siwanyimi. Shangazi akakubali. Chumba alichompa ni chake mwenyewe, cha mbele, kwa sababu ndicho chenye dirisha la nondo. Yeye akahamia kwetu watoto, akalala mkekani. Wiki ile alikuwa amepokea mchezo wa akina mama wa sokoni. Fedha ya mchezo alishaipangia kununua friji la mtumba auze maji baridi. Badala yake alikwenda Kariakoo, Mtaa wa Kongo, akarudi na godoro, chandarua na shuka mbili. Iliyobaki akampa fundi. Na sisi tulikuwa na pazia la gunia.

Mgeni alikuwa kijana mpole, mrefu, wa kutoka kaskazini mwa Ulaya. Alikuja kufundisha watoto kunawa mikono. Shangazi, anayetia udhu mara tano kwa siku kwa maji ya kununua kwa dumu, alimsikiliza kwa adabu zote. Kijana alimpa shikamoo mtoto wa miaka mitatu na mtaa mzima ukacheka wiki nzima. Tulimpenda. Nilimfundisha Kiswahili jioni, akanifundisha Kiingereza, na huo Kiingereza ndio ulioniponza.

Mwezi wa tatu akapata malaria. Mnajua kuta za nyumba zetu hazifiki kwenye bati. Mtu akigeuka kitandani chumba cha kwanza, wa chumba cha sita anasikia. Tulimsikia akilia. Analia kikwao, anamwita mama yake. Shangazi aliingia akakaa naye usiku kucha, anamfuta kwa kanga iliyoloweshwa, anamsomea Ayatul Kursi ambayo kijana hakuijua hata herufi, na saa tisa usiku akanituma nitafute bajaji. Walimpeleka hospitali, akalazwa siku mbili. Gari la shirika lilifika mchana, limeoshwa.

Mwaka uliofuata, kijana ameshaondoka, mwenzake aliyekuja nyuma yake alituletea jarida la shirika lao, kurasa nne za karatasi ya kung'aa. Ndani kulikuwa na picha ya shangazi ameshika upawa, na maneno ya mgeni wetu. Shangazi akaniita. "Baba, nisomee mwenzangu kaandika nini."

Nikasoma kimyakimya kwanza. Aliandika kwamba alikaa na familia isiyo na kitu ila furaha. Kwamba watu wetu wanacheka muda wote, na hilo limemfunza kutojali vitu. Kwamba watoto mia na kitu sasa wananawa mikono. Kwamba alipoondoka alikuwa mtu wa Buguruni kamili. Malaria haikuwemo. Chumba cha dirisha la nondo hakikuwemo. Mlango wa choo ulikuwemo, lakini kama ushahidi kwamba hata katika umaskini watu wana faragha yao.

Shangazi ananitazama. Nikamwambia: anasema wewe ndiye mama yake wa pili, na kwamba dunia nzima hajala chapati kama zako. Akachukua lile jarida, akalikunja ndani ya kanga ya Idd, akaliweka kwenye sanduku.

Kwa hiyo, ndugu zangu mlionuna, huyu mhakiki anayewauliza nani alilipia mlango, tafsiri yake ya kwanza katika maisha ilikuwa uongo. Nimeukalia miaka mingi, na ndio ulionifanya nielewe kidogo kwa nini ukurasa ule haukuwemo. Yule kijana hakuwa mwongo. Aliandika kwa ajili ya watu waliomchangia nauli. Mfadhili hatoi fedha yake ili kijana wake akauguzwe na mama muuza chapati. Mtu aliyetumwa kusaidia hana mahali pa kuandika kwamba alisaidiwa. Fomu haina nafasi hiyo. Wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu anakuja na jembe lake mkononi toka kwao, kwa hiyo zile siku mbili za ugeni anazipata, anakula, analala, anauguzwa, lakini kwenye hesabu hazionekani. Na aibu ya kulia usiku ukimwita mama yako ukiwa na miaka 22 nayo ni aibu. Alijificha yeye, na katika kujificha akamficha shangazi.

Sisi je? Sisi hatuna mfadhili wa kumwogopa. Tunaficha nini?

Mwandishi wa hadithi ya pili, yule wa gari jeupe, alinijibu kwa ukali kwamba ninataka turudi kwenye fasihi ya kuwasifu wenyeji kwa ukarimu, wakati suala ni mfumo. Akanitajia Amezidi ya Said Ahmed Mohamed, ya 1995, na Makuadi wa Soko Huria ya marehemu Chachage, ya 2002. Ametaja vizuri, vitabu hivyo ninavipenda. Ila aende akavisome tena. Ame na Zidi, wale wa pangoni wanaoishi kwa kutegemea misaada, hawapewi nafasi ya kusema "Mzungu katuharibu" halafu wakakaa pembeni. Mchezo mzima unawabana wao, njaa yao, uvivu wao, ndoto zao. Na Chachage, aliyekuwa mwanasosholojia wa Mlimani, anapoingia kwenye kisa cha mradi wa kamba wa delta ya Rufiji, hamwachi mgeni atembee peke yake ukurasani. Kuna wenyeji wanaofungua mlango kwa maslahi yao, na jina la kitabu linawataja waziwazi. Hiyo ndiyo hasira yenye kazi. Hasira ya rafiki yangu ina gari tu. Ndani ya gari hamna mtu, na nje ya gari kuna watoto wenye makamasi ambao yeye naye amewapiga picha, tofauti ni kwamba kamera yake ni kalamu. Hajatuambia jina la hata mmoja. Nilimwuliza wale watoto wanakaa mtaa gani, akasema "popote". Popote, bwana? Hadithi ya mtoto wa Buguruni?

Ya kwanza sitaizungumzia sana. Msichana wa vitumbua anaamka saa kumi, analoweka mchele tangu jana yake, anasaga, ana deni la mkaa, ana mdogo wake wa kumpeleka shule, na mwandishi anamfanya asimamishe biashara saa moja asubuhi, saa ya wateja, ili amsaidie Mzungu aliyeibiwa. Anaweza kusimamisha. Watu wetu wanafanya hivyo. Lakini vitumbua vinaungua, ndugu yangu! Niandikie vikiungua, nami nitauamini huo upendo wako.

Narudi kwa wa tatu, ambaye nadhani ndiye mwandishi kuliko sisi wote pale kijiweni. Alinieleza baadaye, tukitembea kuelekea Rozana, kwa nini aliuacha ule mlango. Alisema aliona aibu. Kwamba akieleza habari za gunia, na za kukohoa, na za mwenye nyumba kukopa, wasomaji watacheka, au watamwona anawaanika watu wake. Akaona heri amfuate binti, maana binti hana aibu, anaharisha hadharani.

Nimelifikiria sana jibu hilo. Wanafunzi wa Ibadan walikasirika kwa sababu waliokota kadi wakajikuta ndani yake hawana sababu, wana vitendo tu. Dawa yake haiwezi kuwa kufuta vitendo. Dawa ni kuandika na sababu, zote, hata zile za aibu, kwa namna ambayo mwenye nyumba akiokota karatasi yako njiani akaisoma, au akasomewa, ataguna lakini hatasema "huyu si mimi." Na yule binti pia, maana siku hizi wapo wanaokisoma Kiswahili vizuri tu, naye aweze kuiokota. Tumezoea kumwandika Mzungu kwa Kiswahili kama watu wanaosengenya kwa lugha ya siri ndani ya basi. Siri hiyo ilishakwisha.

Basi ombi langu kwake ni dogo, na amekubali kujaribu: binti achelewe kufika. Aanze na fundi seremala. Mwenye nyumba ahesabu fedha za mchezo mara mbili. Mpangaji wa chumba cha nne, yule fundi cherehani, aseme lile neno alilolimeza. Mbao zinunuliwe, bawaba zipungue moja, mtoto atumwe dukani. Usiku wa kwanza wa mlango mpya watu wote wa nyumba waende choo bila haja, kujaribu komeo. Teksi ifike ukurasa wa saba, na hata wa nane haitaniudhi.

Idd iliyopita nilikwenda kwa shangazi. Macho yake siku hizi hayaoni vizuri, chapati anapika binti yake. Mlango wa choo upo, umebadilishwa bawaba mara mbili. Tulipomaliza kula akaniambia nifungue sanduku, nitoe ile karatasi yenye picha yake, nimsomee pale pa chapati, wajukuu wasikie. Nikaitoa. Imechakaa kwenye mikunjo, ameshika upawa vilevile.

Nikasoma pale pa chapati. Halafu sikusimama. Nikaendelea kusoma mgeni anavyoeleza usiku aliougua, namna alivyomlilia mama yake, na mama mwingine akaingia na kanga iliyoloweshwa, akakaa naye mpaka alfajiri akimsomea maneno asiyoyajua.

Shangazi alikaa kimya kidogo.

"Mara ile hukunisomea hapo," akasema.

"Nilipitiwa, shangazi."